Kamba Ilikuwa Imelowa

Kasulu, Jumamosi, 16 Septemba 1978

Vumbi tangu asubuhi. Watu wanachoma mashamba, milima ya upande wa Burundi imefichwa na moshi, na macho yananiwasha. Jua halijazama. Nimerudi nyumbani, nimevua tai, nimekaa mezani, na nimekwisha kukata mistari mitatu kabla ya huu. Si kawaida yangu kukata.

Nina hasira. Naandika neno hilo kwanza ili lisije likajificha nyuma ya maelezo.

Leo wanafunzi wa zamani wa shule yetu ya sekondari tumemuaga Mwalimu Zakaria, aliyetufundisha jiografia na baadaye akawa mkuu wa shule. Amepandishwa cheo, anakwenda Mwanza kuwa mkaguzi. Lori lake linaondoka Jumatatu alfajiri. Sherehe ilikuwa katika ukumbi wa chama, kuna pilau, kuna soda zilizoletwa kutoka Kigoma, na risala nimeiandika na kuisoma mimi. Hakuna aliyeuliza kama ninataka. Tangu kidato cha kwanza waliniita Katibu kwa sababu nilikuwa naandika shajara kila siku, na mtu akiitwa Katibu basi risala zote ni zake mpaka afe.

Niseme kweli juu ya Mwalimu kabla sijasema mengine, maana hasira bila haki ni kelele tu. Alikuwa mwalimu mzuri. Alitutoa nje ya darasa akatuchorea bonde zima la Malagarasi kwenye udongo kwa fimbo, akamwaga maji ya ndoo juu kilimani ili tuone yanavyotafuta njia. Jumapili alitunyoa mwenyewe kwa mkasi wake, akituuliza miji mikuu ya dunia. Ukikosea, anaacha upande mmoja wa kichwa mpaka ulete jibu. Festo, aliyekuwa akilala kitanda cha jirani yangu, alitembea siku mbili na nusu kichwa kwa ajili ya mji mkuu wa Mongolia. Nilipougua homa ya manjano, blanketi nililofunikwa lilikuwa la Mwalimu, na hakulidai.

Ndiyo maana inaniuma. Angekuwa mtu mbaya tangu mwanzo ningekwisha kumsahau.

Nieleze sasa jambo la kamba. Nimelificha miaka minne, hata katika shajara zangu nimeliandika mara moja tu, siku ile ile lilipotokea.

Ilikuwa Novemba 1974, tuko kidato cha tatu. Watu wa milimani walikuwa wanahamishiwa kwenye vijiji vipya, na wapimaji hawakutosha. Mwalimu Zakaria akajitolea darasa letu lipime barabara na viwanja vya kijiji kimoja kilicho njia ya kwenda Kibondo. Tulifurahi sana. Tulipanda lori na vigingi, mapanga na kamba moja ya katani ya urefu wa hatua hamsini, ambayo tulikuwa tumeihakiki wenyewe kwenye uwanja wa mpira.

Kazi ilikuwa rahisi. Barabara ya kijiji ilitakiwa kupita umbali wa kamba kumi kupanda kutoka kwenye kijito, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Kundi la kwanza likapima asubuhi upande wa magharibi, jua kali, kamba kavu. Kundi letu likapima mchana upande wa mashariki, baada ya mvua kubwa. Mimi ndiye niliyekuwa naandika vipimo.

Kila anayefunga mbuzi kwa kamba ya katani anajua kwamba ikilowa inajikunja. Sisi tulikuwa wasomi, hatukufikiri habari za mbuzi.

Jioni, kabla ya kuikunja, mkono wangu uliiona kamba kuwa ngumu na nene kuliko asubuhi. Nikainyoosha chini nikaipima kwa hatua. Ilikuwa imepungua hatua mbili na nusu. Mara kumi, hatua ishirini na tano. Maana yake barabara yetu ya mashariki ilikuwa imekaa chini mno, na haiwezi kukutana na ile ya magharibi.

Nikamfuata Mwalimu, alikuwa anakunywa chai na maofisa wawili wa wilaya.

Nikamwambia, "Mwalimu, kamba ilikuwa imelowa. Imefupika. Inabidi turudie upande wetu."

Akaniangalia, akawaangalia wale maofisa. "Kamba ni kamba," akasema. "Wewe kazi yako ni kuandika. Umeandika?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi kalale."

Nikaenda kulala.

Asubuhi mistari miwili ilipopishana mbele ya watu wote, Mwalimu hakusema turudie. Aliwaambia maofisa kwamba ardhi pale ina mteremko, kitaalamu barabara inahitaji kona. Akaenda mbele yetu na panga, akiweka vigingi kwa mkono wake kutoka mstari wa juu kushuka hadi mstari wa chini. Vigingi vitatu vya kona hiyo viliingia katika ua wa mama mmoja mjane. Kingine kimoja kilisimamishwa mbele ya mlango wa nyumba yake.

Huyo mjane alikuwa mama yake Bukuru. Bukuru tulisoma naye darasa moja, na katika hesabu hakuna aliyemfikia. Siku hizo mbili alikuwa bwenini na malaria, hakuja.

Katika kijiji kizima mama yule alikuwa mmoja wa wachache wenye bahati. Watu walitoka mbali wakiwa wamebeba milango yao kichwani, yeye nyumba yake ilikuwa tayari ndani ya kijiji kipya. Mstari wetu ungekuwa sahihi, barabara ingepita juu kidogo, nyuma ya migomba yake, na yeye asingesogeza hata chungu. Siku ya kwanza alitupikia viazi vitamu na maharage kwa furaha hiyo, akatuita wanangu. Siku ya tatu mgambo walipanda wakang'oa bati na kuvunja kuta. Mvua ilinyesha mchana huo huo. Nilikuwa pale, nimeshika daftari.

Bukuru alipopona akaenda nyumbani siku tatu kwa ruhusa. Akakuta mama yake na wadogo zake wamejibanza chini ya majani. Hakurudi shule. Alifyatua tofali, akajenga, akalima, na mwaka ukapita. Katika rejista, mbele ya jina lake, Mwalimu Zakaria aliandika neno moja: mtoro.

Alhamisi iliyopita Bukuru alikuja ofisini kwangu, pale idara ya kilimo. Sikuwa nimemwona tangu shule. Amekonda, mikono imekuwa ya jembe. Akanisalimu "Mwakeye" kwa namna ya kwetu, ameshika viwiko vyangu vyote viwili, anauliza mmoja mmoja: mama, baba, wadogo, ng'ombe. Nikajibu huku nikitafuta pa kuweka macho.

Shida yake ni hii. Vijiji vimeambiwa vitafute vijana wa kufundisha madarasa ya chini, waanze kazi huku wakisomea ualimu. Kijiji chake kimemchagua yeye. Fomu zimefika wilayani, wakaulizia shuleni, jibu likarudi kwamba aliyetajwa ni mtoro. Amepewa hadi mwisho wa mwezi huu alete barua ya mkuu wa shule kueleza vinginevyo. Mkuu anaondoka Jumatatu, na atakayekuja hamjui.

"Wewe anakusikiliza, Katibu," alisema. "Unajua kuongea na wakubwa. Mimi nikisimama mbele yake nitasahau hata jina langu."

Nikamwahidi. Nikamwambia aje kwenye sherehe.

Na usiku wa jana, kwa kuwa nilitaka kufanya jambo la haki, nilitia ndani ya risala sentensi moja ya heshima, isemayo kwamba baadhi ya wenzetu hawakumaliza shule kwa sababu zisizo zao, na tunamwomba Mwalimu awakumbuke kabla hajaondoka. Leo asubuhi nikampelekea Hamisi aikague. Hamisi ana duka la vitambaa la baba yake pale mjini, tulisoma pamoja, na ni mwenyekiti wa kamati kwa sababu soda zimetoka kwake. Alichukua kalamu akaifuta sentensi yangu bila hata kukaa.

"Bwana we, hii ni risala, si mashtaka," akasema. "Watu wamevaa vizuri. Tia pale ile kona, wacheke."

"Kona gani?"

"Usijifanye hujui. Kona ya Zakaria. Hata taniboi wa lori la baba anaijua."

Ndivyo wanavyoiita siku hizi. Barabara imenyooka kama rula, inafika pale, inapinda bila sababu, inanyooka tena. Madereva wameipa jina.

Niliandika. Naikopi hapa kama nilivyoisoma: "Hatutaisahau Kona ya Zakaria, ambayo mpaka leo kila dereva akiifikia hulitaja jina lako, ingawa si katika sala."

Ukumbi mzima ulicheka. Festo alipiga meza. Mwalimu Zakaria alicheka mpaka akatoa leso kufuta macho. Nikainua kichwa kutoka kwenye karatasi nikamwona Bukuru kwenye benchi la nyuma, amevaa koti la kuazima lililomzidi mabega.

Naye alikuwa anacheka.

Alicheka kwa sababu Mwalimu alikuwa anatazama upande ule, na yeye anahitaji barua. Sijawahi kuona kicheko kibaya namna hiyo, na kilikuwa kimetoka katika mdomo wangu kwanza.

Mwalimu akasimama kujibu. Alishukuru kwa zawadi ya saa ya ukutani. Kisha akasema, "Ile kona msinisingizie mimi. Mwenye kosa ni Katibu wenu huyu. Mimi nilimfundisha kupima, yeye siku ile alikuwa na njaa, akapima kwa tumbo."

Wakacheka mara mbili ya mwanzo. Hamisi alinipiga mgongoni. "Umekamatwa leo, Katibu," akasema.

Na mimi nikafanya nini? Nikatabasamu. Nikainamisha kichwa kidogo, kama mtu mwenye adabu anayekubali utani wa mkubwa wake. Nilijua ninachojua, yeye alijua kwamba ninajua, na katika ukumbi wote ni sisi wawili tu tuliojua, tukatazamana nikatabasamu. Miaka minne nilijiambia nilikuwa mtoto, nimeamriwa na mwalimu. Leo nina miaka ishirini na mbili, nina mshahara na meza ya serikali, na hakuna aliyeniamuru.

Wakati wa kula sikugusa sahani. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za ukumbi, nikachukua karatasi safi kwenye mkoba nikaandika barua ya Bukuru, tayari kwa sahihi ya mkuu. Niliiandika kwa hasira lakini kwa mpangilio. Nilieleza kwamba Bukuru aliacha masomo kwa sababu nyumba ya mama yake ilivunjwa kutokana na kosa la vipimo lililofanywa na shule. Kwamba kamba ilikuwa imelowa. Kwamba mkuu huyu aliarifiwa jioni ile ile na hakurekebisha. Nilikusudia kumpa Mwalimu mbele ya watu, aisome, asaini au akatae. Nilijiona shujaa.

Barua ni ya Bukuru, nikampa aisome kwanza. Aliisoma amesimama, polepole, kidole kikifuata mistari. Alipofika mwisho akarudi katikati.

"Kamba," akasema.

"Ndiyo."

"Hii habari ya kamba, nani mwingine anaijua?"

"Mwalimu. Na mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile."

"Kabla hawajavunja?"

Nikasema ndiyo. Nilikuwa nimesahau, katika joto la uandishi wangu, kwamba yeye hakuwa anajua. Miaka yote alidhani ramani ilitoka wilayani hivyo.

Hakunitukana. Laiti angenitukana. Aliikunja ile barua mara nne akaitia mfukoni mwa lile koti, akasema, "Andika nyingine."

"Bukuru, hii ndiyo kweli."

"Hii hataisaini. Wewe unataka kesi, mimi nataka kazi. Andika: kwa matatizo ya nyumbani."

Nikaandika. Yeye alisimama juu yangu akiniangalia kalamu, na mimi, kwa mwandiko wangu ule ule mzuri, nikaandika kwamba kijana huyu aliacha shule kwa matatizo ya nyumbani.

Alikataa nimsindikize. Niliwaona kutoka kwenye ngazi. Mwalimu alikuwa nje anaagana na wazee, akaipokea karatasi, akaiweka juu ya boneti ya gari la wilaya.

"Bukuru yupi wewe?" akauliza. "Kila darasa nilikuwa na Bukuru wawili watatu. Yule wa mpira?"

"Ndiyo, Mwalimu," Bukuru akajibu. "Yule yule."

Bukuru hajapata kucheza mpira hata siku moja. Mwalimu akasaini bila kusoma mstari mmoja, akapiga muhuri aliokuwa nao kwenye begi, akamtakia kila la heri. Jambo lililomfungia mtu njia lilichukua muda wa kufunga kiatu kulirekebisha. Angeweza kulifanya mwaka wowote.

Nilimfuata Bukuru hadi pale yanaposimama malori ya Kibondo. Nilikuwa nimepanga la kusema. Nikamwambia nitaomba ruhusa kazini wiki ijayo, nipande lori niende kwa mama yake, nikae chini mbele yake nimweleze yote na kumwomba radhi.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Usiende," akasema. "Mama ana namna yake ya kulisema jambo lile. Anasema barabara ya taifa ilipahitaji pale pake. Mgeni akija anamtoa nje kumwonyesha: hapa ndipo palipokuwa jiko langu, nilipatoa. Ameshazoea hivyo. Sasa wewe uende umwambie ni kamba?"

Nikaanza kusema kwamba ana haki ya kujua, akanikata.

"Utarudi Kasulu umepumzika, na yeye atabaki na kamba," akasema. "Kaa nayo wewe. Wewe ndiye mtu wa kuandika."

Akapanda juu ya magunia. Dereva akamaliza chai yake, lori likawaka.

Nimekasirika na Mwalimu kwa kuwa amesahau. Nimekasirika na Hamisi kwa kuwa anadhani kila kitu ni mzaha mradi kuna soda. Nimewakasirikia wenzangu wote tuliolala nao bweni moja, tukala ugali mmoja, na leo hata mmoja hakugeuka kumtazama aliyekaa nyuma. Nilidhani nikiorodhesha hivi hasira itapungua. Haipungui, kwa sababu orodha haijakamilika na ninajua jina lililobaki.

Nilitaka kuipeleka kweli kwa mama yule ili nani apone?

Shajara ya 1974 iko kwenye sanduku chini ya kitanda. Sitaifungua. Najua ukurasa, najua hata rangi ya wino. Niliandika vipimo vyote, nikaandika hatua mbili na nusu, nikaandika "Mwalimu amearifiwa", nikapiga mstari chini kwa rula kama mtu aliyemaliza wajibu wake.

Kesho Jumapili. Nitaoga, nitavaa shati jeupe, nitakwenda misa ya kwanza, na watu watanisimamisha mlangoni kunipongeza kwa risala. Nitawajibu asante.